Choa Si Ukurutu: Ngozi na Majina Yake pale Warwick

Waswahili husema Mungu humpa upele asiye na kucha. Methali hiyo kila mwanachama wa klabu yetu anaijua tangu mwaka wa kwanza. Muhula huu mwenzetu mmoja anayesomea uuguzi alituuliza swali dogo katika kikao cha Alhamisi: huo upele ni ugonjwa gani hasa? Majibu yakawa mengi, na karibu yote yakaishia kwenye neno moja la Kiingereza ambalo hufunika kila kitu kinachotokeza juu ya ngozi. Mama yake, mzaliwa wa Uvira, hachanganyi upele na choa, wala choa na ukurutu, wala ukurutu na harara. Kwake hayo ni magonjwa manne, na kila moja lina dawa yake.

Sisi tuliokulia Durban kwa wazazi waliotoka Kivu, Kigoma, Bujumbura au Mombasa, Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu ya Jumapili. Tunajua kuomba chumvi na kuwaamkia wakubwa. Msamiati wa maradhi tunakutana nao pale tunapomsindikiza mzazi kliniki ili tumtafsirie. Mama anatoa maneno matano, kijana anampa nesi moja, na nesi anaandika dawa kwa hilo moja alilopewa. Kwa hiyo tukaona tusiandike juu ya majina peke yake. Tukaenda Jumamosi tatu mfululizo Warwick Junction, mahali ambapo wengi wa watu wetu hupita, huuza, hunyoa na kununua, tukiwa na daftari na huyo mwenzetu muuguzi mtarajiwa.

Kwa msomaji ambaye hajafika: Warwick ni makutano ya barabara, stesheni ya treni ya Berea, vituo vya mabasi na vya teksi (daladala za huku), pembeni kidogo ya katikati ya jiji. Hesabu inayotajwa sana ni watu 460,000 kwa siku, na wachuuzi kati ya 5,000 na 8,000. Kuna Soko la Alfajiri lililotimiza miaka 100 mwaka 2010, baada ya kunusurika mwaka mmoja kabla, jiji lilipotaka kuliondoa na kujenga jengo la maduka. Kuna soko la shanga, la dawa za miti, la vichwa vya ng'ombe. Kazi nyingi pale ni za mikono mitupu, juani, kando ya moto au maji.

Tuanze na vichwa vya ng'ombe. Wanawake wanaopika chakula hiki, inhloko kwa Kizulu, hushinda na kisu. Ngozi ya kichwa huchunwa, nyama hutolewa mfupani, huchemshwa katika sufuria kubwa na kuliwa na chumvi na mkate wa mvuke. Mkono una mafuta, kisu kina mafuta, sakafu ina maji. Mkato mdogo wa kidole ni jambo la kila siku, na kwa kuwa ni mdogo hufungwa kitambaa kilicho karibu na kazi ikaendelea. Mwenzetu alitueleza utaratibu usiohitaji duka la dawa: bana kidonda kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia kila sekunde, kisha kioshe kwa maji safi mengi, na sabuni kuzunguka, kisha kifunike. Spiriti na dettol isiyochanganywa na maji huunguza nyama mpya na kuchelewesha kupona, hata kama mwasho wake unampa mtu imani kwamba dawa inafanya kazi. Kidole kisipokunja au kisipohisi baada ya kukatwa, mshipa umeguswa, na hiyo ni safari ya kliniki siku hiyohiyo. Na kidonda kichafu kilichoingia ndani kinadai swali la chanjo ya pepopunda. Watoto hupewa, lakini mtu mzima wa miaka hamsini aliyevuka mipaka mitatu na kupoteza kadi zake zote hakumbuki alichomwa lini.

Kwa wapenzi wa isimu: kidonda kwa Kizulu ni isilonda, na vidonda ni izilonda. Tulipolitamka neno letu kwa mama mmoja muuza nyama alilielewa kabla hatujamaliza kueleza. Ni shina moja la Kibantu, na pale lilitufaa kuliko Kiingereza.

Hatua chache mbele wanachemsha mahindi. Mapipa ya chuma juu ya moto wa kuni, mvuke, na foleni ya abiria wenye haraka. Hapa majeraha ni ya kuungua, na hapa ndipo tuliposikia dawa nyingi zaidi: dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano, siagi, majivu. Nyumbani kwetu wengine ni dawa ya meno, hasa ile ya mnanaa, kwa sababu inapoa. Inapoa dakika moja, halafu inakauka na kushikilia joto ndani, na anayekuja kusafisha baadaye huibandua pamoja na ngozi. Kinachofaa ni maji. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20 kamili. Dakika 20 ni nyingi ukiwa na wateja, na watu huacha baada ya mbili maumivu yakipungua; lakini joto huendelea kuipika ngozi kwa ndani hata baada ya mkono kutoka motoni. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia, hadi kama saa tatu. Pasipo bomba, beseni na dumu la maji, ukimimina polepole. Vua pete mapema, vidole havijavimba. Usipasue malengelenge. Funika kwa mfuko safi wa plastiki wa chakula au kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kipimo cha kujua kama twende hospitali ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Ungulio lililozidi kiganja hicho, au lililo usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au la mtoto mdogo, halitibiwi sokoni.

Usalama wa kazi pale si wazo letu sisi wageni wa Jumamosi. Shirika la Asiye eTafuleni, lililo na wachuuzi wa Warwick tangu 2008, liliwahi kuendesha mradi wa afya na usalama kazini uliopewa jina Phephanathi, kwa maana ya kuwa salama pamoja nasi. Jina la shirika lenyewe ni "twende mezani". Meza sisi tuliipata kwa Mreno, itafula wao waliipata kwa Mdachi.

Wavuta mikokoteni wana malengelenge na sugu. Glavu za ngozi kuukuu na soksi kavu hutosha. Wanaoosha mboga na vyombo kutwa wana weupe na mipasuko katikati ya vidole, ambao ni fangasi anayependa unyevu. Kukausha katikati ya vidole kila mara, vaselini usiku, na krimu ya fangasi kama haiponi.

Kwa vinyozi tulikaa zaidi, kwanza kwa sababu ndipo Kiswahili kilipo. Ndani ya kibanda kimoja tulisikia cha Bukavu, cha Dar es Salaam na cha Bujumbura vikibishana mpira. Shikamoo yetu iliitikiwa na mzee mmoja tu, wengine wakatuambia hapa ni "habari" na "sawa". Pili, kwa sababu ya mapunye. Kenya wapo wanaoyaita mashilingi, maana yanaacha mabaka ya duara kichwani kama sarafu, nywele zikiwa zimekatika. Ni ugonjwa wa watoto zaidi, na unasafiri kwa mashine ya kunyolea, kitana, kofia na mto wa kulalia.

Wazazi hupaka. Hupaka krimu, mafuta ya taa, maji ya betri (tafadhali msijaribu), vitunguu saumu. Tatizo ni kwamba fangasi wa mapunye amejificha ndani ya mzizi wa unywele, ambako krimu haifiki. Tiba yake ni vidonge, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki sita hadi nane, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uvipokee. Mtoto akiacha wiki ya pili kwa kuwa kichwa kinaonekana safi, yanarudi. Kwa kinyozi kazi ni ndogo: kufagia nywele zote kwenye meno ya mashine kwa brashi, kisha kuyapangusa au kuyachovya katika spiriti ya asilimia 70 na kuyaacha yakauke kabla ya kichwa kinachofuata. Kupitisha kiberiti haraka, kama tulivyoona, ni maonyesho tu. Na wembe ni kichwa kimoja wembe mmoja, kwa sababu damu hubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI.

Kaka zetu wanaonyoa kisogo hadi kwenye ngozi na kuota vipele vigumu wanajua tunachosema. Unywele uliopinda hukatwa, huingia ndani ya ngozi ukiota, mwili huupiga vita, na vipele vikiachwa hugeuka makovu manene yasiyoondoka. Acheni nywele milimita mbili tatu. Mtindo utaonekana vilevile.

Sasa upele wenyewe, ule wa methali. Huu ni mdudu, mdogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, anayechimba njia chini ya ngozi na kutaga. Alama yake ni mwasho unaozidi usiku, katikati ya vidole, vifundoni, kiunoni, chini ya matiti, sehemu za siri; na alama kubwa kuliko zote ni kwamba mwingine nyumbani naye anajikuna. Kizulu wanasema utwayi. Katikati ya Durban chumba kimoja hugawanywa kwa mapazia familia mbili tatu zikaishi humo, na upele hausomi mapazia. Dawa za kawaida ni losheni ya benzyl benzoate ya asilimia 25 au krimu ya permethrin ya asilimia 5, na nesi ndiye wa kusema ipi kwa mtoto mdogo au mama mjamzito. Inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi unyayoni, si pale panapowasha tu, na watu wote wa nyumba siku ileile moja, hata wasiojikuna, kisha hurudiwa kadiri mlivyoelekezwa, mara nyingi baada ya wiki. Shuka na nguo hufuliwa kwa maji ya moto. Kisichofulika hufungwa katika mfuko wa plastiki siku nne, maana mdudu huyu nje ya mwili hafiki mbali. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi baada ya wadudu kufa, na hapo watu hudhani dawa imeshindwa wakapaka tena na tena hadi ngozi ikaungua.

Kigumu si dawa, ni aibu. Mpangaji wa pazia la kulia hataki kumwambia wa kushoto. Anajipaka peke yake kimyakimya, anapona siku kumi, anaambukizwa upya.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya marefu kuliko nafasi tuliyopewa. Karibu kila nyumba yetu ina tyubu. Ilinunuliwa mtaani au ililetwa na shangazi, haina karatasi ndani, na inatibu kila kitu: muwasho, chunusi, weusi wa magoti, mtoto aliyeumwa na mbu. Inapoza kwa siku mbili, ndiyo maana inaaminiwa. Nyingi ya tyubu za aina hii ni krimu ya steroidi kali, ambayo kisheria Afrika Kusini hutolewa kwa cheti cha daktari.

Steroidi hunyamazisha ngozi. Haiui kitu. Kwa ukurutu, ambao ni ngozi kavu inayojiwasha yenyewe, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, pande zote mbili, mara nyingi tangu utotoni, kunyamazisha kwa siku chache, kwa krimu yenye nguvu inayofaa, pamoja na mafuta mazito yasiyo na manukato kila siku, ndiyo tiba hasa. Choa ni kitu kingine. Choa ni fangasi: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakipona huku ukingo ukitambaa. Dawa yake ni krimu ya kuua fangasi kama clotrimazole, ikiendelezwa wiki mbili baada ya duara kufutika. Ukipaka steroidi juu ya choa, mwasho unapoa, wekundu unafifia, na fangasi anabaki na karamu isiyo na askari. Kinatanuka, kinapoteza umbo lake la duara, na daktari anayekiona mwezi wa tatu hakitambui. Madaktari wawili, Ive na Marks, walikieleza hivyo mwaka 1968 na kukipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kisichotambulika.

Shangazi wa mmoja wetu alitembea na kitu hicho usoni karibu mwaka mzima. Kila alipoacha tyubu, uso uliwaka. Kila aliporudi, ulitulia. Alidhani tyubu ndiyo inayomponya.

Ongeza na hili: juu ya ngozi yetu wekundu haujitokezi kama vitabuni. Unakuwa weusi zaidi, au rangi ya kijivu, au zambarau. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa St George's, London, Malone Mukwende, akiwa na umri kama wetu, alitoa pamoja na walimu wake wawili kijitabu kiitwacho Mind the Gap kinachoonyesha dalili za magonjwa juu ya ngozi nyeusi na ya kahawia. Tuliona aibu ya aina fulani, na wivu pia.

Na tyubu hiyohiyo ndiyo mlango wa mkorogo. Watanzania wana jina bora kuliko wote, maana ndivyo ulivyo: krimu hii, losheni ile, sabuni, vinakorogwa kopo moja ili kujichubua. Afrika Kusini ina historia chungu hapa. Mwaka 1975 Findlay na wenzake walieleza kitaalamu weusi wa kudumu wenye vinundu, shavuni na chini ya macho, uliosababishwa na hydroquinone ya krimu za kung'arisha. Mwaka 1990 nchi ikazipiga marufuku. Hata hivyo utafiti wa Profesa Ncoza Dlova na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 na kufanyika katika hospitali mbili za hapa Durban, uliuliza wanawake 600, na asilimia 32.7 walisema wanatumia vipodozi vya kung'arisha ngozi. Zebaki nayo bado hupatikana katika baadhi ya sabuni na krimu za aina hii duniani, na hiyo haiishii kwenye ngozi, huenda kwenye figo. Hatuna hamu ya kumhubiria mtu juu ya rangi yake. Tunasema tu kwamba anayetaka kuacha steroidi ya muda mrefu asiache ghafla peke yake. Ngozi huja juu kwa hasira, na hapo ndipo wengi hurudi koponi.

Soko la dawa za miti liko juu, kwenye daraja la barabara kuu ambalo halikumalizwa kujengwa. Kizulu husema umuthi kwa mti na kwa dawa. Mti wetu ni uleule, ila sisi dawa tulikwenda kuiazima kwa Mwarabu. Mmea uliotuvutia kwa ajili ya ngozi ni ibhucu, Bulbine kwa jina la sayansi, wenye majani manene yenye utomvu kama wa mshubiri. Hupakwa kwenye michubuko, kuungua kudogo, midomo iliyopasuka. Majaribio ya watafiti wa Afrika Kusini juu ya nguruwe yalionyesha utomvu huo unasaidia kidonda kufunga. Kwa ngozi iliyokwisha oshwa, hatuna ugomvi nao. Inguduza ni habari nyingine: kitunguu hiki cha porini hupakwa kwenye majipu, lakini kinywewacho kinaweza kuua, kwa hiyo kisikae kabati moja na tangawizi.

Chini yake wanauza mabonge ya udongo, ibomvu mwekundu, ambao wanawake hujipaka usoni dhidi ya jua. Bibi za pwani yetu wanasaga liwa, Wamakua wa Msumbiji wana msiro wao. Udongo huu hukinga jua kidogo, si kama krimu ya jua, na kwa ndugu zetu wenye ualbino hautoshi hata kidogo: kwao ni kofia pana, mikono mirefu, na krimu ya jua kutoka hospitali ya umma.

Jina moja lilitufurahisha kuliko yote. Malengelenge yanayopanga mstari upande mmoja wa mwili, yakitanguliwa na maumivu ya kuchoma, sisi huita mkanda wa jeshi. Kizulu huita ibhande, yaani mkanda. Unatokana na virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini miaka mingi vikaamka. Dawa yake, aciclovir, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo wiki ya kungoja ni wiki iliyopotea. Ukimpata mtu kijana, kipimo cha virusi vya UKIMWI ni busara, na kama upo karibu na jicho, ni hospitali leo.

Kuhusu kwenda kliniki, tunajua kwa nini watu wetu husita. Mwaka 2025 makundi ya waandamanaji yalisimama kwenye milango ya baadhi ya hospitali na kliniki za umma hapa Durban yakidai vitambulisho. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Imeandikwa "kila mtu", na si "kila raia". Kituo cha Denis Hurley, kando ya kanisa kuu la Emmanuel na karibu na soko la Victoria Street, kina kliniki inayowahudumia wakimbizi na wasio na makazi, na kutoka Warwick ni mwendo wa miguu.

Usingoje hapa: kidonda ambacho hakijafunga baada ya mwezi, jipu usoni, au majipu yanayorudi kila mara, ambayo huashiria kisukari, wekundu au weusi unaopanda mkono pamoja na homa, na doa jeusi linalokua kiganjani, chini ya ukucha au kwenye unyayo. Saratani ya ngozi kwa watu weusi hupenda sehemu hizo zisizopigwa na jua. Bob Marley yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kwa hiyo mkimpeleka mzazi kliniki kwa ajili ya choa cha shingoni, mwambieni nesi jina alilolitumia mzazi, mkalieleze, kisha mwombeni mzee avue na viatu.